Samaki Hupandishwa Polepole

Sisi wa Ujiji na Kigoma samaki tunamjua kwa njia mbili tu: mbichi au mkavu. Mgebuka tunamchoma, dagaa tunaanika, na kuhe tunampikia mgeni wa heshima. Kwa hiyo siku Rozalia wa Rusimbi alipoweka samaki hai sebuleni kwake, ndani ya tangi la kioo, akavuta kigoda akakaa kuwatazama, mtaa mzima ulipata kazi ya kufanya. Watu walikuja kwa kisingizio cha kuomba chumvi.

"Rozalia, hawa unawakaanga lini?"

"Hawakaangwi. Wanaangaliwa."

"Wanaangaliwa halafu?"

"Halafu kesho wanaangaliwa tena."

Mimi ni jirani yake, ukuta kwa ukuta. Nauza mawese, na mdomo wangu hauna kufuli. Nilicheka kuliko wote. Nilimwambia kwamba kwetu mtu akianza kufuga chakula badala ya kukila, ujue ameshiba au amerogwa. Rozalia hakukasirika. Ni binti wa wakulima wa Simbo, mpole wa kusema, mgumu wa kubadili nia, na maji ya ziwa yakimfika magotini anamwita Mama Maria kwa sauti. Mtu kama huyo kuwa bingwa wa kufuga samaki ni mambo ya Mungu mwenyewe.

Lakini nikieleza habari za tangi lile lazima nieleze na habari za bega la mumewe, Gervasi, maana vitu hivyo viwili vilikua pamoja ndani ya nyumba moja. Tangi tulilicheka. Bega hatukulicheka, lakini hatukuliogopa pia, na hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo.

Gervasi alikuwa mzamiaji. Mzaliwa wa Ilagala, mtoto wa wavuvi, kifua kipana, mcheshi. Alimfanyia kazi tajiri mmoja anayepeleka nje samaki wa mapambo, wale wadogo wadogo wa kwenye miamba ambao wazungu huwaweka majumbani. Gervasi alishuka chini na mpira mrefu mdomoni, na juu kwenye boti ilinguruma kompresa, mashine ileile mnayoiona kwa mafundi wa kuziba pancha, ikimsukumia pumzi. Mdogo wake, Anatoli, ndiye aliyekaa na kompresa na kuuchunga mpira usijikunje. Huko chini Gervasi aliwaswaga samaki kwa kijiti, akawaingiza kwenye kiwavu cha mkononi.

Siku moja alirudi nyumbani na ngogo mmoja mwenye pezi lililochanika, tajiri alikuwa amemkataa. Ngogo ni jamii ya kambale, na hawa wa kwetu wa kwenye miamba ni wadogo, hawazidi kidole cha kati. Mwili una rangi ya chai ya maziwa na madoa meusi, mapezi yana pindo jeupe, na mdomoni wana sharubu ambazo hazitulii. Ukimshika analia, anatoa sauti ya kukoroma ambayo huwezi kuamini imetoka kwa kitu kidogo hivyo, na miiba yake ya pembeni ikikuchoma utamtaja mama yako. Gervasi alidhani mke wake atamtupia paka. Rozalia akamtia kwenye beseni.

Yule wa kwanza alikufa kwa sababu ya maji ya bomba. Wa pili alikaa wiki. Rozalia akagundua kwamba hawataki maji yenye dawa, wanataka ya ziwani, basi akawa anakwenda kuchota mwenyewe kwa ndoo, akiinama kutoka kwenye jiwe bila kulowa kifundo. Akajua wanataka mchanga mwororo ili sharubu zisichubuke, na mawe ya kujibana chini yake, na magamba matupu ya konokono ya kuchezea. Aliwapa dagaa wa kusaga na majani ya kabichi yaliyochemshwa. Fundi wa vioo akamtengenezea tangi kwa kioo cha duka lililofungwa. Akapata na kipampu cha upepo cha umeme, na umeme ulipokatika, kama ulivyo umeme, alisimama juu ya tangi akichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu, akichota na kumimina, kama mtu anayepoza chai ya mtoto, mpaka umeme urudi. Mikono yake ilivimba lakini ngogo hawakufa.

Tajiri alipoona wale aliowakataa wanarudi wakiwa wazima, akaanza kumletea wagonjwa wote. Ndivyo Rozalia alivyokuwa mtu wa samaki. Mimi nikaacha kucheka, nikaanza kwenda kukaa kwenye kigoda cha pili. Ukweli usemwe, wanatuliza. Mchana wanalala chini ya mawe, wengine tumbo juu mgongo chini, na ndivyo wanavyojisikia raha. Rozalia alijua yupi amelala hivyo kwa raha na yupi kwa ugonjwa. Mimi sikuweza kutofautisha.

Bega la Gervasi lilianza kama kuwashwa. Akitoka majini, ngozi inamuwasha mikononi na tumboni, anajikuna kama mwenye upele, halafu inapita. Baadaye likaja bega, likafuata kiwiko. Maumivu ya ndani kabisa, alisema, kama jino linalouma ndani ya mfupa. Kila mtu alijua sababu. Baridi. Ziwa letu ni refu kwenda chini kuliko mtu anavyoweza kufikiri, na huko chini kuna baridi. Mimi mwenyewe nilipeleka mawese ya moto ya kumkandia. Mzee Iddi, ambaye huumika watu pale Ujiji tangu mimi sijaolewa, alimpachika pembe zake mgongoni, akanyonya, damu nyeusi ikatoka, akatuonyesha.

"Mnaiona? Ndiyo hii. Baridi imeganda."

Tukaiona. Tukasema alhamdulillahi. Wakristo wakasema asante Yesu.

Kuna jambo moja tu lililonitia ubaridi moyoni, na nililisema, msije mkaniambia sikulisema. Gervasi akirudi majini kesho yake, maumivu yanakwisha. Sio yanapungua, yanakwisha. Alikuwa akinisimulia kwa furaha, akizungusha mkono hewani.

"Nikifika chini, Mama Yusra, bega linakuwa la mtoto mchanga. Nikitoka, linarudi."

"Ziwa limekupenda," alisema Mzee Iddi.

"Penzi gani la kumuumiza mtu akirudi kwake?" niliuliza. "Mwanamke akikufanyia hivyo mtamwita mchawi."

Wakacheka. Gervasi alicheka kuliko wote. Rozalia alikuwa kwenye tangi, ametupa mgongo, na hakucheka.

Masika ya mwaka ule tajiri akapata wateja waliotaka ngogo wa chini zaidi, wale weupe kidogo ambao hawaonekani kwenye miamba ya karibu. Gervasi akaanza kushuka ambako hajawahi kufika. Alirudi amechoka, macho mekundu, anakula kidogo. Usiku Rozalia alimsikia akihema kwa kukwama. Asubuhi aliniambia kwenye ukuta, sauti ya chini, kwamba mumewe amekojoa kitandani na hajui kama alikojoa. Yapo mambo ambayo mwanamke akikuambia huongezi neno.

Kisha ikaja ile ndoo.

Anatoli aliileta mwenyewe saa za mchana, Gervasi akimfuata nyuma taratibu. Ngogo waliokuwemo walikuwa wanaelea. Matumbo yamejaa kama puto, macho yametoka nje, wanapiga mkia wazame na hawazami. Wengine walikuwa wamekwisha kufa. Rozalia alipiga magoti mbele ya ndoo.

"Mmewafanya nini?"

"Haraka, shemeji," alisema Anatoli. "Tajiri alitaka kuwawahisha, nikavuta kizimba kwa mkupuo mmoja."

Akaeleza, maana sisi wa nchi kavu hatukujua. Samaki wa chini hapandishwi ghafla. Wanapokamatwa huwekwa ndani ya kizimba cha nyavu hukohuko chini. Kizimba kina boya linalokivuta juu na jiwe linalokizuia kwa kamba. Leo wanailegeza kamba kidogo, kizimba kinapanda kidogo, wanakiacha. Kesho tena kidogo. Wanafanya hivyo siku kwa siku mpaka kifike juu. Usipofanya hivyo upepo ulio ndani ya samaki unafura, unampasua.

"Na hawa hawawezi kupona?" Rozalia aliuliza.

"Wale wazima kidogo wangerudishwa chini mapema wangepona. Unawashusha, upepo unanywea, unaanza upya kuwapandisha. Sasa wamechelewa."

Rozalia hakuwa anamtazama Anatoli tena. Alikuwa anamtazama mumewe, aliyeegemea mlango, mkono mmoja ukilikanda bega la pili bila yeye kujua. Niliuona uso wa mwanamke yule ukibadilika, na kusema kweli nilitamani nisiwe pale.

"Na nyinyi je?" aliuliza.

"Sisi nini?"

"Nyinyi mnapanda kwa siku ngapi?"

Anatoli alicheka. "Sisi ni watu, shemeji. Samaki ana kibofu cha upepo. Kaka ana kibofu cha mkojo tu."

"Anavuta upepo wa mashine. Unamwingia, unakwenda wapi?"

"Unatoka kwa pumzi."

"Wote?"

Gervasi alisema ana njaa.

Kuanzia siku ile Rozalia hakumpa mumewe raha. Alisema wakati wa kula, alisema wakati wa kulala, alisema kwa Kiswahili na akizidiwa alisema kwa Kiha, na Kiha chake cha hasira kilivuka ukuta mpaka kwangu. Gervasi alijibu kwamba baba yake aliishi majini miaka yote na alikufa kwa uzee. Rozalia alijibu kwamba mzee huyo hakuwahi kuvuta upepo wa pancha. Mwishowe alifanya jambo ambalo lingemjia yeye tu. Alichana kitenge chake kizuri vipande vipande, akavifunga kwenye kamba ya Gervasi, ile ya kushukia, kimoja kikiwa mbali na kingine. Akamvisha rozari shingoni. Masharti yalikuwa haya: akipanda, akifika kwenye kipande cha kitenge anasimama, anashika kamba, anasali Salamu Maria zote kumi za fungu moja, ndipo anakwenda kwenye kipande kinachofuata.

"Utanifanya nisali majini?"

"Padri anasema tusali kila mahali."

Akakubali, nusu kwa mzaha. Na sikilizeni: bega lilipungua. Kuwashwa kukaisha. Akaanza kula. Mimi nilishangilia mpaka nikampelekea Rozalia chupa ya mawese bila kudai kitu, na wanaonijua wanajua maana yake. Lakini Rozalia alikuwa bado hatulii. Alikwenda kuchota maji ya tangi saa ambazo mumewe yuko chini, akasimama juu ya jiwe kuyatazama mapovu. Mapovu yakikaa mahali pamoja, alijua anasali. Yakipanda moja kwa moja, alijua anamdanganya.

Na alianza kumdanganya. Kwa kuwa bega haliumi tena, aliona amepona, na aliyepona huona dawa kuwa mzigo. Anatoli alilalamika kwamba petroli ya kompresa inaisha kwa sala. Gervasi alilalamika kwamba huko kwenye vitenge kuna baridi ya kukaa bila kazi. Salamu Maria zikawa za mbio, kisha zikawa za kichwani tu. Siku zile nyumba yao iliniwia nzito. Hata ngogo nilipokaa mbele yao niliona wamejibana wote pembe moja, ingawa Rozalia aliniambia ni kawaida yao kukiwa na mawingu.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, ziwa limelala kimya. Nilimsindikiza Rozalia kuchota maji. Boti ilikuwa karibu, tunamwona Anatoli, tunasikia kompresa. Gervasi alikuwa chini akilegeza kamba ya kizimba, maana walikuwa na kizimba kimejaa ngogo weupe, kazi ya majuma, bado kiko chini sana.

Ghafla boya likaruka nje ya maji. Lilitoka kwa nguvu, likapiga maji, na ubavuni mwa boya kikatoka kizimba, na kwenye kizimba kichwa cha Gervasi. Alikuwa amekikumbatia kwa mikono yote miwili.

Ndoo ilimtoka Rozalia ikazama.

"Jiwe!" Gervasi alipiga kelele, mpira umemtoka mdomoni. "Anatoli, funga jiwe lingine! Washushe, washushe haraka!"

Fundo la jiwe lilikuwa limefyatuka. Boya likaanza kukivuta kizimba juu kama mshale, na Gervasi akakidaka ili kukizuia, uzito wake ukawa hautoshi, na hakuachia. Angeachia tu! Angefungua vidole, angebaki na kamba yake na vitenge vyake. Baadaye alitueleza alichokuwa anawaza njiani, na alitueleza kama mtu anayejitetea kwa jambo lililo wazi kabisa: "Nilijua wakipanda hivi watakufa wote."

Anatoli akafunga jiwe, akakishusha kizimba mkono kwa mkono mpaka kule kilikotoka. Ngogo wakarudi chini kabla hawajafura. Gervasi akapanda botini akicheka, wakaja pwani, akaketi mchangani karibu nasi akaomba chai. "Tumewaokoa," alimwambia mkewe. "Hata mmoja hajafa."

Rozalia alimshika mkono akamvuta. "Rudi majini."

"Nimechoka."

"Gervasi, nakuomba. Rudi chini, upande na vitenge."

"Ngoja ninywe chai."

Aliinywa nusu. Kisha akalitazama paja lake, akalipiga kofi. Akalipiga tena. Alisema miguu inafanya ganzi. Akajaribu kusimama, na mguu mmoja ukakaa pale ulipokuwa, na wa pili ukafuata. Akaanguka ubavu, kikombe mkononi, uso wake ukiwa umejaa mshangao tu, bado hofu haijafika.

Watu wakajaa. Rozalia alisimama katikati yao, yule mpole, akapaza sauti kama mpiga debe. "Mrudisheni majini! Mwekeeni mpira mdomoni, Anatoli ashuke naye, amshike, mumshushe na kumpandisha polepole! Kama samaki! Kama mlivyowafanya samaki sasa hivi!"

"Mtu hawezi kusimama, unataka kumtupa ziwani?" alisema mmoja.

"Ana uchungu, hajui anachosema," alisema mwingine, na wakamshika mikono kama wanavyomshika mfiwa.

"Anatoli!" alilia. "Wewe unajua. Ulinieleza mwenyewe."

Uso wa Anatoli ulikuwa umesawijika. "Shemeji, simzamishi kaka yangu."

Mimi nilipiga kelele kwamba wamsikilize mwenye mume, nikamvuta mmoja shati mpaka likachanika, na nani anamsikiliza muuza mawese? Wakambeba mpaka nyumbani. Mzee Iddi akaja na pembe zake, akampachika kiunoni, damu ikatoka, Gervasi hakuhisi hata wembe. Hapo ndipo hofu ilipomfika. Alianza kumwita mama yake ambaye amekufa siku nyingi. Ndipo wakatafuta gari la hospitali.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mstaarabu. Alituita pembeni ukumbini, mimi na Rozalia, akaeleza kwa lugha ya kueleweka. Upepo ulikuwa umetokota ndani ya damu, umeziba mishipa ya uti wa mgongo. Kuna chumba cha chuma, alisema, mtu anafungiwa humo, anashindiliwa upepo kama vile yuko chini ya maji, halafu anapandishwa polepole, kwa saa nyingi. Hapa hakipo. Kilipo ni mbali, na muda umekwisha pita.

"Na kama angerudishwa ziwani palepale?" Rozalia aliuliza.

Daktari alishusha sauti. "Mama, angeweza kuzama. Watu wamekufa hivyo. Lakini pia angeweza..." Hakumaliza. Rozalia alimshukuru, akaenda kukaa na mumewe, na neno lile tukalibeba sisi wawili. Wengine waliambiwa mshipa wa mgongo umeumia.

Walipomrudisha nyumbani, godoro lake lilitandikwa sebuleni, kwa kuwa chumbani kiti cha magurudumu hakipiti. Kwa hiyo alilala akitazamana na tangi. Anatoli hakukanyaga majini siku zile. Kazi pekee aliyoifanya ni kukipandisha kile kizimba kwa kuvuta kamba, akiwa juu ya boti, kila siku kidogo, kwa uangalifu wa mtu anayefanya toba. Kompresa iliwekwa nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai.

Kizimba kilipofika juu, aliwaleta. Nilikuwepo. Ngogo weupe wazima, sharubu zinacheza, hakuna hata mmoja aliyefura. Rozalia aliwamimina tangini taratibu. Wakashuka mpaka mchangani, wakaanza kupekua, na Gervasi akainua kichwa kwenye mto awaone vizuri.

"Mnaona?" alisema. Tangu hospitali sikuwa nimeisikia sauti yake ikiwa na uhai. Kisha, bila kuondoa macho kwenye kioo, akasema, "Roza. Wameniambia siku ile ulitaka nirudishwe majini."

Rozalia akaendelea kusuuza ndoo. "Nilisema."

"Kama wangekusikiliza, ningekuwa natembea?"

Anatoli alikuwa amesimama mlangoni. Aliweka mkono kwenye fremu ya mlango na nilimwona akijishikilia hasa. Alikuwa amekonda siku zile, amekuwa mtu wa kuamka na kulala na swali hilohilo. Rozalia akamtazama yeye, akamtazama mumewe. Mimi nilimjua mwanamke yule miaka mingi, hajawahi kunidanganya hata bei ya nyanya.

"Hapana," alisema. "Usingetembea."

"Kweli?"

"Kupanda hakukuhusika. Daktari alisema mshipa ulikuwa umeharibika siku nyingi, ungekatika hata ukiwa shambani. Ni amri ya Mungu, Gervasi. Usimlaumu mtu."

Gervasi alifumba macho, akashusha pumzi ndefu, na machozi yakamtoka kwenda masikioni. Sikumlaumu Rozalia. Mimi ningesema hivyohivyo, na kwa kiapo. Lakini Anatoli pia alishusha pumzi. Mabega yake yalishuka, uso ukafunguka, nikamwona kijana wa zamani anarudi mbele ya macho yangu.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tu si kupanda. Mungu wangu, nilijua." Akafuta uso kwa mkono. "Tajiri anatafuta mtu wa kushuka, kaka. Nilikuwa namkwepa. Sasa nyumba hii itakula nini?"

"Shuka wewe," alisema Gervasi, macho bado yamefumbwa, anatabasamu. "Nani mwingine anajua mahali penyewe?"

Rozalia alibaki na ndoo mkononi. Anatoli akatoka, na tukasikia turubai likivutwa kule nyuma.

Rozalia alimfuata mbio, nami nikamfuata yeye. Anatoli alikuwa anaukunja mpira begani.

"Anatoli, nilimdanganya. Ni kupanda. Daktari alisema ni kupanda, muulize Mama Yusra."

"Ni kweli," nilisema. "Nilikuwepo."

Alitutazama mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na jeuri, maskini. Alikuwa mtu aliyevuliwa jiwe kifuani na sasa anaambiwa alirudishe.

"Shemeji, umesema mwenyewe, mbele ya kaka. Sasa unataka kunitisha nisishuke."

"Naapa."

"Usiape. Ingia ndani umwambie yeye. Mwambie mimi ndiye niliyemnyima miguu yake. Ukimwambia, nikasikia, sishuki tena maisha yangu."

Rozalia akageuka mpaka mlangoni. Nikaenda naye. Ndani, Gervasi alikuwa amesogeza kichwa karibu na kioo na alikuwa anaongea na ngogo, anawatania, anawaita majina ya watu wa Ilagala, kila mmoja na jina lake, na anacheka peke yake. Rozalia alishika kizingiti. Nilimnong'oneza, "Nenda." Akainua mguu, akauweka palepale ulipokuwa.

Anatoli alingoja kidogo, kisha akajitwika kompresa na kushuka njia ya ziwani.